Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri Yetu: Shamba la Vijana na Mifugo Linasubiri Jibu

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya.

YAH: OMBI LA KUANZISHA SHAMBA LA KUWALEA VIJANA KUPITIA MIFUGO, AMBALO HALIJAJIBIWA

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu, pamoja na barua zetu ambazo masjala ya ofisi yako ilizipokea, ikazigonga muhuri na kuturudishia nakala.

Ninaandika kwa niaba ya wanachama waanzilishi wa shirika letu lisilo la kiserikali, lililosajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002. Miongoni mwetu wamo mtaalamu wa mifugo mstaafu, walimu, wakulima wa mpunga na mahindi, pamoja na wafugaji wa Kimaasai na Kibarbaig ambao familia zao zimeishi katika wilaya hii ya mkoa wa Morogoro kwa miaka mingi. Tunachoomba ni kibali cha kutumia eneo ambalo kijiji kimekwisha kuliridhia, ili tuanzishe shamba lisilo la faida ambako vijana walioacha shule, waliotoka mahabusu, waliokimbia makwao au waliopata watoto wakiwa bado wadogo watajifunza kuishi tena na watu kwa kuanza kuishi na wanyama.

Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimekwisha. Tuliandika, tukafuatilia kwa miguu, tukaomba miadi, tukamtuma diwani atuulizie, na kila mara tuliambiwa kwamba suala letu linafanyiwa kazi. Hakuna aliyetukatalia. Laiti tungekataliwa kwa maandishi, tungeijua sababu, tungerekebisha palipo na kasoro, au tungekata rufaa ngazi ya juu kama raia yeyote anavyoruhusiwa. Ukimya hauna rufaa, na ndani ya ukimya huo wamo vijana wanaokua kila siku bila mtu wa kuwashika mkono.

Kabla sijataja malalamiko, naomba nieleze kazi yenyewe, maana katika ofisi kadhaa nimeona kwamba shamba hili linadhaniwa kuwa mradi wa biashara uliopewa jina la hisani. Kwa sasa tuna banda dogo nyuma ya nyumba ya mmoja wetu, lenye mbuzi wa maziwa, kuku wa kienyeji na punda wawili, na vijana wachache huja hapo mchana kwa ridhaa ya wazazi au walezi wao. Majina yao sitayaandika hapa, kwa kuwa wana haki ya kusitiriwa, lakini ninayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu.

Mbuzi wa maziwa hakamuliwi kwa nguvu. Maziwa hushuka pale homoni ya oksitosini inapoachiliwa mwilini mwake, na mbuzi anayeogopa hutoa adrenalini inayozuia homoni hiyo kufanya kazi, kwa hiyo kijana anayeingia bandani akiwa amefura kwa hasira hutoka na kikombe kisichofika hata robo. Mwalimu hana haja ya kumkaripia. Humwambia aanze upya: anawe mikono, aoshe kiwele kwa maji ya uvuguvugu, amwite mnyama kwa jina lake, akamue matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi ili aone kama yana mabonge, ambayo ni dalili ya ugonjwa wa kiwele, ndipo aendelee. Nimemwona kijana wa miaka 16, aliyefukuzwa shule kwa kupigana, akiwa amechuchumaa kimya ubavuni mwa mbuzi, akipumua taratibu, akisubiri kiwele kilegee. Alikuwa amekwisha kusikia mawaidha mengi kuhusu hasira zake, ya wazee, ya walimu na ya polisi. Mbuzi hakumpa mawaidha. Alimnyima maziwa, kisha akampa alipotulia, na kijana akauelewa uhusiano wa mambo hayo mawili bila kuambiwa na mtu.

Msichana mmoja aliyefika kwetu akiwa na mtoto mgongoni hakuwa akizungumza na mtu mzima yeyote isipokuwa ameulizwa. Tulimkabidhi daftari la chanjo ya kuku. Chanjo ya mdondo (kideri), ugonjwa unaoua kuku, ya aina ya I-2 hutolewa kwa tone moja katika jicho moja la kila kuku na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Anayedondoshea hana budi kumshika kuku kwa utulivu na kungoja apepese jicho, ili tone liingie lisichuruzike nje. Ugonjwa ulipopita mtaani na kuku wa jirani wakafa huku wale wa bandani wakibaki, msichana huyo alikwenda kwa jirani bila kutumwa, akamwambia tarehe ya chanjo inayofuata na kumwonyesha jinsi ya kumshika kuku. Leo anauliza utaratibu wa kurudi darasani, jambo ambalo Serikali iliruhusu kwa wasichana waliojifungua kupitia tangazo la Novemba 2021.

Hiyo ndiyo kazi tunayotaka kuifanya kwa upana zaidi. Yanayotukwamisha ni haya yafuatayo.

1. Ardhi iliyoridhiwa na kijiji haijathibitishwa wala kukataliwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imelikabidhi Baraza la Kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na inalizuia kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hatua hiyo ilifuatwa kikamilifu. Mkutano ulikaa, watu wakauliza maswali magumu, wengine wakapinga, na mwishoni walio wengi wakaridhia tupewe ekari 12. Muhtasari wenye saini na orodha ya mahudhurio ulipitia kwa Mtendaji wa Kata hadi ofisini kwako. Baadaye tuliambiwa kwa mdomo kwamba eneo hilo limetengwa kwa kilimo katika mpango wa matumizi ya ardhi, lakini tulipoomba kuonyeshwa ramani hatukuonyeshwa. Kama ndivyo ilivyo, tuonyesheni. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji huandaliwa na kijiji chenyewe na unaweza kupitiwa upya, na zaidi ya hapo sehemu kubwa ya ekari hizo itakuwa mashamba ya majani ya tembo (nyasi za kulishia mifugo), mahindi na mboga, ambayo kwa akili ya kawaida ni kilimo.

2. Tumepigwa danadana kati ya idara.

Ustawi wa Jamii walituambia kwamba kwa kuwa kuna mifugo, twende Idara ya Mifugo. Mifugo wakasema kwamba kwa kuwa kuna vijana, turudi Ustawi wa Jamii. Elimu wakasema hatuendeshi shule, na Maendeleo ya Jamii wakasema watasubiri maoni ya hao wengine. Nataka niwe mkweli: karibu kila ofisa tuliyemkuta alitupokea kwa heshima, na baadhi walionyesha kuguswa. Kinachokosekana ni mtu mmoja aliyepewa mamlaka ya kusema ndiyo au hapana.

3. Tumeshukiwa kutumikisha watoto.

Hofu hii ni halali, na ningeshangaa kama isingetajwa, kwa sababu wapo watoto wengi nchini wanaochungishwa na kulimishwa kwa jina la kusaidiwa. Ndiyo maana tuliisoma Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 kabla ya kununua hata mbuzi mmoja. Kifungu cha 77 kinampa mtoto haki ya kufanya kazi nyepesi, kinaweka umri wa chini wa kufanya kazi kuwa miaka 14, na kinaifafanua kazi nyepesi kuwa ile isiyoelekea kudhuru afya au ukuaji wake, wala kumzuia kuhudhuria shule au mafunzo. Sheria hiyohiyo inakataza mtoto kufanyishwa kazi usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi.

Kanuni zetu, ambazo nakala yake iko ofisini kwako, zimekwenda mbali kuliko hapo. Aliye chini ya miaka 18 hakamui alfajiri, hamshiki fahali, hachinji, hahasi, wala hagusi dawa ya kuogeshea mifugo. Mnyama akitupa mimba, hakuna kijana anayekaribia mabaki yake, kwa kuwa brusela na homa ya Bonde la Ufa huweza kumpata binadamu kwa njia hiyo. Anaitwa mtaalamu, na eneo linafungwa. Maziwa huchemshwa kabla ya kunywewa. Hakuna kijana aliyewekewa idadi ya lita au ya mayai, na siku anapoumwa au anapokuwa na mtihani, mtu mzima hukamua badala yake na hakuna anayemdai. Mtoto anayetumikishwa hupimwa kwa kile anachozalisha. Sisi daftari letu linaandika kama kijana amekuja, kama amekula, kama amegombana na mwenzake na walivyopatana, na kama yuko tayari kurudi shule au kuanza ufundi.

Hatuombi kuaminiwa kwa maneno. Tunaomba Afisa Ustawi wa Jamii aje kutukagua wakati wowote bila taarifa, azungumze na vijana wenyewe faraghani, na aandike anachokiona.

4. Tumeambiwa kwamba mifugo italeta vurugu katika kijiji cha wakulima.

Ndugu Mkurugenzi, hoja hii ndiyo iliyotuumiza kuliko zote, na ndiyo ninayotaka uisome kwa makini zaidi.

Hakuna mwana Morogoro asiyejua gharama ya migogoro ya wakulima na wafugaji. Mwezi Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa. Tangu hapo zimeundwa kamati na kufanyika mikutano mingi ya usuluhishi, na bado kila kiangazi kinapoingia na maji kupungua tunasikia habari za mazao kulishwa ng'ombe, ng'ombe kukatwa mapanga na vijana kuwindana usiku. Wazee ndio wanaoitwa kwenye vikao vya amani, lakini wanaoshika fimbo na mapanga ni vijana. Kijana wa mkulima amekua akiamini kwamba ng'ombe ni adui anayekula ada yake ya shule, na kijana wa mfugaji amekua akiamini kwamba kila shamba ni mtego uliowekwa ili mifugo ya baba yake ikamatwe na kutozwa faini. Kila mmoja ana mfano wa kweli wa kuonyesha. Hawajawahi kukaa mahali pamoja wakiwa na kazi moja mbele yao.

Katika banda letu wamekaa. Mmoja wa vijana wetu ni mtoto wa mama ambaye shamba lake la mpunga lililishwa mifugo likiwa limekaribia kuvunwa. Mwingine ni mtoto wa mfugaji aliyeuza madume kadhaa ili alipe faini. Siku za mwanzo kila mmoja alikula akiwa amempa mwenzake kisogo. Kisha mbuzi mmoja akaanza kudhoofika. Yule kijana wa mfugaji akamsogelea, akafunua kope ya chini ya jicho lake, akaona nyama ya ndani imepauka badala ya kuwa nyekundu, akasema kwamba mnyama huyu ana minyoo na damu imepungua. Mtaalamu wetu alipompima alithibitisha hivyo hivyo. Mtoto wa mkulima alimwangalia mwenzake kwa namna ambayo sikuwahi kuiona hapo kabla, akamwomba amfundishe. Walizunguka banda lote wakifunua kope za mbuzi, mmoja akishika na mwingine akiandika. Wiki zilizofuata ilikuwa zamu ya yule wa pili kufundisha: jinsi ya kupanda vipande vya majani ya tembo kwenye matuta, umbali wa mche hadi mche, na wakati wa kukata kabla shina halijakomaa likawa gumu kwa mnyama.

Sidai kwamba mbuzi mmoja mgonjwa amemaliza mgogoro wa miongo. Ninachosema ni kwamba wilaya hii haina mahali pengine ambapo vijana wa pande hizi mbili hukutana wakiwa wanahitajiana, na mahali hapo pamekaa kwenye faili.

Kuhusu uharibifu wa mashamba, mpango wetu unajibu kwa vitendo. Mifugo yote itafugwa bandani, na malisho yatakatwa na kuletwa. Tutachukua mabua ya mahindi na pumba za mpunga kutoka kwa wakulima ambao sasa huvichoma moto, na wao watachukua samadi kutoka kwetu kwa ajili ya mashamba yao. Mnyama aliye bandani hawezi kukanyaga shamba la mtu, na mkulima anayepata samadi ana sababu ya kutaka mnyama huyo aishi.

5. Huduma za mifugo hazitufikii.

Tumekuwa tukijibiwa kwamba shamba letu haliwezi kuingizwa kwenye ratiba ya chanjo kwa kuwa halijatambuliwa rasmi, wakati huohuo utambuzi wenyewe umekwama mezani kwako. Mwezi Juni 2025 Rais alizindua kule Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, na hatukusikia ikisemwa popote kwamba mbuzi wanaotunzwa na vijana wenye shida wasihesabiwe. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatutaka tumtunze mnyama asipate njaa, maumivu wala ugonjwa unaozuilika, na tunaitekeleza kwa fedha za mifukoni mwetu.

6. Tumeitwa wafanyabiashara.

Ni kweli tunauza mayai yanayobaki, na tukipata ng'ombe tutauza maziwa. Sheria ya mashirika haikatazi shirika kupata mapato. Inakataza wanachama kugawana faida. Kila shilingi inarudi kwenye chakula cha vijana, chakula cha mifugo na dawa, na hesabu zake tunazibandika kwenye ubao wa ofisi ya kijiji ambako hata mpinzani wetu anaweza kuzisoma. Kijana anapomaliza muda wake huondoka na mbuzi jike mmoja, kwa utaratibu wa kopa mbuzi lipa mbuzi: jike wa kwanza kuzaliwa anarudi shambani kwa ajili ya kijana anayefuata. Sijui biashara gani huendeshwa kwa kugawa mtaji wake namna hiyo.

Zipo sababu nyingine ambazo hazikuandikwa popote lakini tumezisikia kwenye korido, nami nazijibu hapa ili zisirudi tena kama vikwazo.

Tumeambiwa kwamba hakuna mwongozo wa kitu cha namna hii na kwamba ni wazo la kizungu. Kumpa kijana mifugo ili akomae ni malezi ya Kimaasai, Kisukuma na Kibarbaig tangu enzi za mababu. Ni nani kati ya wazee wetu wafugaji aliyefundishwa uvumilivu darasani? Na kama mifano ya mbali inahitajika, ipo. Mjini York, Uingereza, Wakristo wa dhehebu la Quaker walifungua mwaka 1796 nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa akili kwa upole badala ya minyororo, na humo wagonjwa walipewa sungura na kuku wa kuwatunza. Katika mji wa Brewster, jimbo la New York, shule ya Green Chimneys ilianzishwa mwaka 1947 juu ya ardhi ya shamba, na imeendelea hadi leo kuwasaidia watoto wenye majeraha ya kihisia kwa kuwashirikisha kutunza wanyama. Uholanzi ina zaidi ya mashamba elfu moja ya wakulima wanaopokea watu wenye mahitaji maalumu, vijana wakiwemo, na tangu mwaka 2015 jukumu la huduma kwa vijana nchini humo limewekwa chini ya manispaa, yaani ngazi inayolingana na halmashauri yako. Hawakungoja wizara iwaamulie kila banda.

Tena hatuna haja ya kusafiri mbali kiasi hicho. Hapahapa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Magawa, panya aliyezaliwa na kufunzwa hapo, alitunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Kazi yake ni tofauti na yetu, lakini mkoa ambao umeuthibitishia ulimwengu kwamba mnyama anayedharauliwa akitunzwa kwa subira huokoa maisha ya watu haupaswi kuliona wazo letu kuwa la ajabu. Chuo hicho kina wataalamu wa tiba ya mifugo ambao halmashauri ikiandika barua moja tu ya utambulisho tunaweza kuwaomba watushauri.

Tumeambiwa pia kwamba bajeti haipo. Katika ombi letu hakuna mahali tulipoomba fedha za halmashauri. Tutakapoomba, itakuwa kwa ajili ya wahitimu waliotimiza miaka 18, kupitia utaratibu wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo asilimia 4 ni haki ya vijana kisheria, na ambao ulirejeshwa mwaka 2024 baada ya kusitishwa Aprili 2023. Hata hapo watafuata foleni kama vikundi vingine.

Mwisho, kuna waliosema kwamba tunajifanya madaktari wa akili. Hatujifanyi. Kijana aliyeumizwa vibaya anahitaji mshauri nasaha, na wengine wanahitaji hospitali, na mbuzi hawezi kuchukua nafasi ya hao. Lakini vijana wengi tunaowazungumzia hawakubali hata kuingia katika chumba cha ushauri, na baadhi yao walianza kueleza yaliyowapata wakiwa wanamchana punda manyoya, macho yao yakiwa kwenye kazi na siyo kwa anayewauliza. Hapo ndipo tunapoweza kuwapokea na kuwakabidhi kwa mtaalamu, kama mtaalamu huyo atakuwa na uhusiano rasmi nasi.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, tunaomba mambo yafuatayo:

(a) Utupe jibu la maandishi ndani ya siku 30 tangu kupokea barua hii, likieleza kama kibali cha eneo kimetolewa au kimekataliwa, na kama kimekataliwa, kwa kifungu gani cha sheria.

(b) Uteue ofisa mmoja atakayesimamia suala hili kwa niaba ya idara zote, ili tujue mlango wa kubisha.

(c) Utume timu ya pamoja ya Ustawi wa Jamii, Mifugo, Ardhi na Afya ikague banda la sasa na eneo tulilopewa na kijiji, kisha nakala ya taarifa yao tupewe sisi na Serikali ya Kijiji.

(d) Mifugo yetu iingizwe kwenye ratiba ya chanjo na utambuzi pamoja na ya wafugaji wengine wa kata, tukilipa gharama zilezile wanazolipa wao.

(e) Uidhinishe utaratibu wa maandishi wa kupokea vijana, ili asiwepo kijana anayeletwa au kuondoka bila Afisa Ustawi wa Jamii kujua. Ulinzi huu tunautaka sisi wenyewe, kwa ajili ya vijana na kwa ajili ya heshima ya kazi yetu.

(f) Suala hili lifikishwe kwenye kamati ya kudumu inayohusika kabla ya kikao kijacho cha Baraza la Madiwani, nasi turuhusiwe kuwepo kujibu maswali.

Kati ya yote hayo, la kwanza ndilo la haraka. Msimu wa mvua ukitupita bila majani ya tembo kupandwa, mifugo haitakuwa na chakula cha kiangazi, na tutalazimika kuwaambia vijana ambao majina yao tayari tumeyaandika wasubiri mwaka mwingine. Mmoja wao yuko nje ya mahabusu kwa ahadi ya mlezi wake kwamba atakuwa na shughuli ya kufanya. Mlezi huyo ni bibi mzee, na kila tunapokutana ananiuliza nimpe tarehe.

Endapo siku 30 zitapita bila jibu, tutawasilisha nyaraka zote kwa Mkuu wa Mkoa na kwa Ofisi ya Rais, TAMISEMI, tukiambatisha barua hii na nakala zenye muhuri wa masjala yako. Tungependa sana isifike huko. Banda letu liko wazi kila siku ya kazi kuanzia saa 8 mchana, na wewe binafsi unakaribishwa kuja kuwaona vijana wakiwa kazini, hata kama siku hiyo utakuwa bado hujafikia uamuzi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mratibu,
kwa niaba ya wanachama waanzilishi.

Nakala:
Mkuu wa Wilaya
Mwenyekiti wa Halmashauri
Diwani wa Kata
Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji